Namna ya Kufasiri Taswira katika Shairi la Ndege Mama

Mpe msomaji yeyote shairi linalomzungumzia ndege na makinda yake, umuulize lina maana gani. Mara nyingi jibu huja upesi: ndege ni mama, tundu ni nyumba, mwewe ni adui, dhoruba ni shida za maisha. Hakuna kosa hapo, lakini kazi haijaanza. Kubandika jina juu ya kila kitu kilichotajwa ni kutafsiri orodha. Kufasiri ni kueleza kwa nini mshairi alituonyesha kitu hicho kwa namna hiyo, mahali hapo, na kinatufanya tuhisi au tujue nini ambacho tusingekijua kama angesema tu "mama hutaabika."

Mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja. Ukitaka kujua mshairi wa ndege mama anasema nini, mtazame kwanza ndege kama ndege, kisha utafute mahali ambapo ndege wa shairi anaachana na ndege wa mtini. Pale anapofanya jambo ambalo ndege halifanyi, au anapokosa kitu ambacho ndege huwa nacho, ndipo mshairi alipofanya uamuzi. Uamuzi huo ndio unaopaswa kuufasiri.

Nimetunga shairi fupi kwa ajili ya zoezi hili. Ni tarbia ya kawaida: mishororo minne kwa ubeti, mizani (silabi) nane kila kipande, yaani kila nusu ya mshororo, na vina vya mtiririko, yaani vya kati na vya mwisho havibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa tano.

Mama Tundini

Ndege kaketi tundini, mbawa amezikunjua,
Makinda ya kifuani, joto lake yachukua,
Tufani yaja mwituni, mti wote wapepea,
Halali wala hanuni, mama aliyezoea.

Asubuhi yu njiani, mbali anapopajua,
Arudipo mdomoni, punje moja yatulia,
Midomo mitatu ndani, wazi yamsubiria,
Halali wala hanuni, mama aliyezoea.

Mwewe katoka mbinguni, kivuli chatangulia,
Sauti yake kooni, kama mfupa yakwaa,
Bawa alivuta chini, kama aliyeumia,
Halali wala hanuni, mama aliyezoea.

Manyoya yamo mwilini, mbawa zimeshatimia,
Mmoja yu ukingoni, wa pili kafuatia,
Wa tatu hana imani, kwa teke akamtoa,
Halali wala hanuni, mama aliyezoea.

Tundu li tupu mtini, nyuzi zimening'inia,
Unyoya mmoja ndani, upepo wauchezea,
Kaja na punje kinywani, hajui pa kuitia,
Halali wala hanuni, mama hajayazoea.

Hatua ya kwanza: lisome kwa sauti, kisha useme unachokiona

Weka kalamu chini. Lisome mara mbili kwa sauti, ukituama kwenye kila kipande ili vina vikae sikioni. Halafu simulia kilichotokea kwa maneno yako, bila neno "inaashiria" wala "inawakilisha." Ubeti wa kwanza: ndege yuko tunduni, amefungua mbawa, makinda yapo chini yake, upepo mkali unakuja. Wa pili: anatoka asubuhi, anarudi na punje moja, na vinywa vitatu vinamngoja. Wa tatu: mwewe anakuja, ndege anashindwa kutoa sauti, anaburuta bawa. Wa nne: makinda yameota manyoya, mawili yanaruka, la tatu linatolewa kwa teke. Wa tano: tundu tupu, ndege amerudi na punje.

Hatua hii huonekana ya kitoto na ndiyo inayorukwa sana. Lakini asiyeona kwamba mwewe alitanguliwa na kivuli chake hawezi kuja kueleza hofu ya ubeti wa tatu. Atasema "mwewe ni hatari" na kusonga mbele, ilhali mshairi alimtaja mwewe tu, hakutuonyesha umbo lake. Alituonyesha kivuli. Ndege anaishi ndani ya kitisho kabla ya pigo lenyewe, na pigo lenyewe halisimuliwi kabisa. Soma tena mshororo ule. Je, kuna mahali mwewe anaposhambulia? Hakuna.

Hatua ya pili: mjue ndege mwenyewe

Huhitaji kuwa mtaalamu wa wanyama, ila mambo machache ya kweli kuhusu ndege yatakusaidia kuliko kurasa nyingi za fasili za tamathali za usemi, kama vile sitiari na tashbihi.

Makinda ya ndege wengi wanaojenga mitini huanguliwa bila manyoya na macho yakiwa yamefumba. Hayawezi kujipasha joto yenyewe, kwa hiyo mzazi asipoyafunika hufa kwa baridi. Kifaranga wa kuku ni tofauti: huanguliwa na manyoya laini, husimama siku hiyo hiyo na kujidonolea chakula. Ndiyo maana mshairi anayetaka taswira ya mdomo unaolisha mdomo hamtumii kuku. Anayetaka taswira ya kukusanya na kuongoza humtumia kuku. Ukijua hili, utamuuliza mshairi swali la maana: kwa nini umechagua ndege huyu?

Katika spishi nyingi za ndege, dume na jike hulisha makinda pamoja. Hata ndege wala nafaka, wengi wao huwapa makinda wadudu, kwa sababu mwili unaokua upesi unahitaji protini. Njiwa wana njia yao: wazazi wote wawili hutoa kwenye gole lao, yaani kifuko cha chakula kilicho kooni, umajimaji mzito wenye lishe na kuwatapikia watoto. Makinda yakipanua midomo, rangi kali ya ndani ya vinywa vyao humchochea mzazi kulisha.

Kuhusu mwewe na bawa: ndege wengi wanaotaga ardhini, na baadhi ya njiwa wanaojenga mitini pia, hujifanya wamevunjika bawa ili adui awafuate wao na kuacha tundu. Adui akishapelekwa mbali, "mgonjwa" huruka.

Na kuhusu kuondoka: kwa kawaida wazazi hawawapigi makinda yao mateke. Mara nyingi hupunguza kuleta chakula, au huketi karibu na tundu wakiwa nacho mdomoni, mpaka njaa imtoe kinda mwenyewe. Baada ya kuruka, makinda huendelea kulishwa nje ya tundu kwa siku kadhaa au hata wiki kadhaa.

Yaandike haya pembeni ya shairi. Tutayarudia punde.

Hatua ya tatu: tenga taswira kwa hisi

Hapa usikawie. Taswira ni picha inayojengwa na maneno, na picha hiyo si ya macho peke yake. Pitia ubeti kwa ubeti ukiuliza inagusa hisi gani. Joto la kifua ni la kugusa. Mti kupepea na unyoya kuchezewa ni mwendo. Kivuli na nyuzi zinazoning'inia ni za kuona. Sauti iliyokwama kooni ni ya kusikia, au tuseme ya kukosa kusikia, na pia ni ya maumivu ya mwili.

Ukishamaliza, tafuta hisi inayopotea. Joto lipo ubeti wa kwanza tu. Halirudi tena. Shairi linaanza kwenye ngozi na kuishia kwenye macho, kutoka kushikana mpaka kutazama kwa mbali. Hilo tayari ni jambo la kusema, nawe hujataja "sitiari" hata mara moja.

Hatua ya nne: shika kitu kimoja ukifuate hadi mwisho

Wasomaji wengi hufasiri taswira moja moja, kila moja na kisanduku chake. Shairi zuri halikai hivyo. Taswira hutembea, na maana yake iko katika mabadiliko yake. Chagua kitu kinachojirudia, ukifuate.

Tufuate bawa. Katika ubeti wa kwanza mbawa zimekunjuliwa: bawa ni paa. Katika wa pili halitajwi, ingawa ndiyo siku nzima ya kuruka. Tunachoonyeshwa ni njia na mdomo, kana kwamba usafiri wenyewe hauhesabiwi. Katika wa tatu bawa linaburutwa chini: lile lililokuwa paa sasa ni chambo. Mama anatoa kitu chake bora zaidi na kukionyesha kama kibovu. Katika wa nne tunasoma "mbawa zimeshatimia," na hapa msomaji makini husimama: mbawa za nani? Ni za makinda. Neno lilikuwa la mama katika beti mbili, sasa limehamia kwa watoto, na halirudi kwake tena. Katika ubeti wa tano hakuna bawa. Kuna unyoya mmoja.

Paa, chambo, urithi, mabaki. Ukiandika safari hiyo kwa mpangilio, umesema juu ya malezi jambo ambalo "ndege ni mama" haliwezi kulisema: kwamba kulea ni kuhamisha nguvu kutoka mwili mmoja kwenda mingine, na anayetoa hubaki na pungufu.

Jaribu mwenyewe na punje. Ubeti wa pili, punje moja na midomo mitatu. Hesabu haitoshi, na mshairi hasemi nani alikula. Ubeti wa tano, punje moja na midomo sifuri. Hesabu imezidi. Kitu ni kile kile, lakini upungufu umegeuka kuwa ziada isiyo na pa kwenda. Kwa maoni yangu hii ndiyo taswira kali kuliko zote humu, kwa sababu haina neno hata moja la huzuni ndani yake. Kuna punje tu, na "hajui pa kuitia."

Hatua ya tano: tafuta panapoachana

Sasa rudi kwenye yale uliyoandika pembeni. Yaweke kando ya shairi na uulize: ndege wa mtini na huyu wa kwenye karatasi wanaachana wapi?

Kwanza, baba hayupo. Ndege wengi hulisha wawili wawili, humu analisha mmoja. Mshairi hakulazimishwa na maumbile, alimwondoa. Huwezi kujua kutoka kwenye shairi kama baba amekufa, ameondoka, au yupo tu bila kufanya chochote, kwa hiyo usibuni. Unachoweza kusema ni kwamba mzigo wote umewekwa juu ya mwili mmoja, na kwamba shairi halimlalamikii mtu. Ukimya huo nao ni sehemu ya taswira.

Pili, punje. Makinda mengi hulishwa wadudu, lakini mshairi ametia nafaka. Punje ni chakula cha watu, kitu kinachohesabika na kugawanywa. Kwa neno hilo dogo ndege ameanza kusogea kuelekea mlango wa binadamu.

Tatu, "hanuni." Ndege halali usingizi mzito akiwa tunduni wakati wa dhoruba, sawa, lakini kununa? Ndege hanuni. Kununa ni kukasirika bila kusema, kuvimba midomo mbele ya mtu unayetaka ajue umechukizwa. Kumsifu ndege kwa kutonuna ni kumsifu kwa kujizuia jambo ambalo binadamu angelifanya. Hii ni tashihisi, yaani kumpa asiye mtu sifa za mtu, lakini usiishie kulitaja jina. Uliza: kwa nini mshairi anatuambia mara tano kwamba mama hakununa? Hakuna anayekanusha jambo mara tano isipokuwa kuna anayelitazamia. Kuna sababu ya kununa katika maisha haya, na shairi linaijua.

Nne, teke. Hili ndilo panapoachana pakubwa zaidi. Ndege hulisubiri kinda kwa chakula mdomoni. Mama wa shairi anapiga teke. Msomaji wa Kiswahili husikia papo hapo methali isemayo teke la kuku halimuumizi mwanawe, na methali hiyo huja na faraja yake: ukali wa mama hauna sumu. Je, shairi linakubaliana nayo? Tazama vizuri. Shairi halisemi kama kinda liliumia au halikuumia. Halisemi hata kama liliruka. Linasema "akamtoa," kisha kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, kinaingia kana kwamba hakuna kilichotokea. Mshairi ametuita kwenye methali akatuacha mlangoni bila kutupa sehemu yake ya pili. Ukifasiri teke kama upendo tu, umeikamilisha methali kwa niaba yake. Ukilifasiri kama ukatili tu, umesahau mbawa zilizotimia katika mshororo wa juu. Fasiri iliyo bora hubeba vyote viwili: kinda lilikuwa tayari kwa mwili na halikuwa tayari kwa moyo, na mama alihesabu mwili.

Tano, "kinywani." Katika ubeti wa pili punje ilikuwa mdomoni, na mdomo ni wa ndege na wa mtu pia. Katika wa tano imo kinywani, neno tulilozoea kulisikia kwa mtu anayekula au kusema. Upande wa mizani, "mdomoni" lingezidi kwa silabi moja, kwa hiyo mtu anaweza kudai ni lazima ya arudhi, yaani kanuni za utunzi. Inawezekana. Lakini mshairi angeweza kuupanga upya mshororo mzima, na hakuupanga. Mimi nasoma hapa mahali ambapo ndege anakamilisha safari ya kuwa mtu. Unaruhusiwa kukataa, mradi uonyeshe kwa nini.

Sita, mwisho wenyewe. Wazazi wengi wa ndege huendelea kuwalisha makinda nje ya tundu. Huyu anarudi kwenye tundu tupu na punje yake. Ndege angewafuata. Anayerudi mahali walipokuwa ni binadamu.

Hatua ya sita: pima ulichokuja nacho

Hakuna anayesoma ndege mama akiwa mtupu. Tumekuja na methali: kuku havunji yai lake, dua la kuku halimpati mwewe, mtoto wa kuku hafunzwi kuchakura. Tumekuja na maandiko pia. Zaburi ya 91 inamzungumzia Mungu anayefunika kwa manyoya na kuwa kimbilio chini ya mbawa. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, Yesu anajifananisha na kuku anayetaka kukusanya vifaranga chini ya mbawa zake, nao hawakutaka. Katika Suratul Israa, aya ya 24, bawa limegeuzwa upande: mtoto ndiye anayeambiwa awainamishie wazazi wake bawa la unyenyekevu.

Hazina hii ni msaada na ni mtego. Ni msaada kwa sababu mshairi huandika akijua tunayo. Ni mtego kwa sababu inaweza kusema kwa sauti kubwa kuliko shairi. Kanuni yangu ni hii: taja methali au andiko pale tu maneno ya shairi yanapoligusa, kisha useme linakubaliana nalo wapi na linapishana nalo wapi. Bawa lililokunjuliwa katika ubeti wa kwanza linagusa picha ya kimbilio, ndiyo. Lakini kimbilio la Zaburi halichoki, na hili linaishia kuwa unyoya. Na yule anayeijua aya ya Israa ataona pengo lingine: katika shairi hili hakuna bawa hata moja la mtoto linaloinama kurudi kwa mama. Mbawa zilitimia, zikaruka. Ukiona pengo la namna hiyo, liandike. Pengo ni ushahidi kama lilivyo neno.

Hatua ya saba: uliza ni nani anayetazama

Taswira haielei hewani; kuna jicho linaloiona. Nafsi neni, yaani sauti inayozungumza katika shairi, humu haijitaji kwa "mimi," kwa hiyo wengi hupita wakisema "mshairi anasimulia." Angalia inajua nini. Inajua mwendo wa mama. Inajua sauti iliyokwama ndani ya koo, jambo lisiloonekana kutoka nje. Inaiona midomo mitatu kutoka "ndani." Na katika makinda yote, moyo wa mmoja tu ndio tunaoambiwa: wa tatu hana imani. Wa kwanza na wa pili wanaonekana kwa nje tu, mmoja ukingoni, mwingine akifuatia.

Kwa nini nafsi neni ijue moyo wa kinda la tatu? Jibu moja linalowezekana ni kwamba yeye ndiye kinda la tatu, amekuwa mtu mzima, anaangalia nyuma. Shairi lote likisomwa hivyo hubadilika: teke ni kumbukumbu ya aliyepigwa, na kurudia rudia "mama aliyezoea" ni jinsi mtoto alivyojiambia kwa miaka. Lakini kuwa mwangalifu. Ubeti wa tano unaonyesha tundu baada ya wote kuondoka. Kinda la tatu lingeonaje? Huenda linawazia. Hii ni fasiri yenye ushahidi wa kutosha kuandikwa na isiyo na ushahidi wa kutosha kutangazwa kuwa ndiyo pekee. Jifunze kuandika "yawezekana" na kulisimamia.

Hapo kwenye "imani" kuna jambo jingine linalostahili jicho la karibu. Pitia vina vya kati vyote, ukiacha kituo: tundini, kifuani, mwituni, njiani, mdomoni, ndani, mbinguni, kooni, chini, mwilini, ukingoni, mtini, ndani tena, kinywani. Vyote ni mahali. Shairi linapanga dunia yake kwa kusema kila kitu kiko wapi. Neno moja tu linavunja mpango huo, nalo ni "imani." Lina mlio ule ule wa -ni, linakaa kwenye kiti kile kile, lakini si mahali. Imani ya kinda haina pa kukaa, kama ambavyo baadaye punje haitakuwa na pa kutiwa. Watu hudhani vina ni mapambo ya sikio. Hapa vina vinafanya kazi ya taswira.

Hatua ya nane: kipime kituo

Kituo kinachojirudia hugeuka kuwa kelele ya nyuma ukikiacha. Kisome upya kila kinapokuja, ukiuliza "kazoea nini?" Baada ya ubeti wa kwanza, kazoea dhoruba. Wa pili, uchache. Wa tatu, hofu. Wa nne, inabidi useme: kazoea kumsukuma mwanawe. Jibu linazidi kuwa gumu kulitamka, ilhali maneno ni yale yale. Kisha ubeti wa tano unabadilisha: "mama hajayazoea." Njaa, dhoruba na mwewe vyote vilizoeleka. Utupu haukuzoeleka.

Na "halali wala hanuni" haikubadilika. Usingizi umekosekana mwanzo hadi mwisho, ila sababu imegeuka. Kwanza hakulala kwa sababu wapo, sasa halali kwa sababu hawapo.

Hatua ya tisa: andika

Anza aya kwa dai linaloweza kupingwa. "Mshairi ametumia taswira ya bawa" si dai, hakuna atakayelipinga. Nukuu kidogo, maneno mawili matatu, sio ubeti mzima. Kila unaponukuu, eleza neno lenyewe linafanya nini kabla ya kukimbilia maana pana. Na usitaje tamathali kwa jina tu. "Hii ni tashbihi" haina faida mpaka useme inafananisha nini na nini, na kwa nini si kitu kingine. Sauti imekwaa "kama mfupa": mfupa ni mabaki ya kilicholiwa. Mama anasakamwa na picha ya mlo wa mwewe kabla mwewe hajala. Hiyo ndiyo kazi ya tashbihi ile.

Jihadhari pia na mruko mrefu. Kuna wasomaji ambao kwao kila mama ni taifa na kila mwewe ni mkoloni au mtawala. Yapo mashairi ya namna hiyo, na mshairi wake huacha alama: bendera, mipaka, jina la nchi, ahadi zilizovunjwa, wingi wa "sisi." Humu hakuna hata moja. Fasiri ya kisiasa hapa ingekuwa ya msomaji, si ya shairi.

Hii ni aya ya mfano, iliyoandikwa kwa dai moja tu:

"Ingawa shairi linaonekana kumsifu mama kwa uvumilivu, taswira ya punje inaonyesha kwamba uvumilivu huo umemfunga. Katika ubeti wa pili 'punje moja' inakabiliana na 'midomo mitatu,' na upungufu huo ndio unaompa mama kazi ya kila asubuhi. Katika ubeti wa tano punje imerudi, lakini 'hajui pa kuitia.' Kitenzi ni kile kinachotumika kwa kutia chakula kinywani, na hapa kimekosa kinywa cha kupokea. Tofauti na ndege wa kawaida, ambaye angewafuata makinda na kuwalisha nje, huyu anarudi mahali walipokuwa. Mshairi anaonyesha mtu ambaye mazoea ya kulea yameendelea baada ya wanaolelewa kuondoka, na ndiyo maana kituo kinageuka hapa na si mapema: mama amezoea kila kitu isipokuwa kukosa wa kumpa."

Aya hiyo imeacha bawa, teke, kivuli na kinda la tatu. Imeviacha kwa makusudi, kwani kila kimoja kinastahili aya yake, na ukivibana vyote katika mistari kumi hakuna kitakachopata ushahidi wa kutosha. Ukimaliza aya yako, isome ukiwa umefunika shairi: kama kuna sentensi inayoweza kuhamishiwa kwenye shairi lolote jingine la ndege bila kubadilishwa neno, ifute, urudi kwenye mshororo ulioitoa.